Je, Utatu Mtakatifu ulibuniwa na Kaisari Konstantino huko Nisea?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi karakana moja na rafiki ambaye kila siku ananiambia kwamba Utatu Mtakatifu haumo katika Biblia, bali ulibuniwa na Kaisari Konstantino katika mkutano wa Nisea mwaka 325. Anasema maaskofu walipiga kura, upande mmoja ukashinda kwa kura chache, na waliokataa wakauawa. Nilimuuliza katekista wetu, akaniambia nisibishane na watu. Sitaki mahubiri, nataka kujua kilichotokea. Na hao wafuasi wa Ario, padre ambaye mafundisho yake yalikataliwa huko Nisea, waliishia wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza swali la historia, nami nitalijibu kama historia. Kama fundisho la Utatu ni kweli au si kweli, hilo ni jambo la imani ambalo kumbukumbu za karne ya 4 haziwezi kukuamulia. Ila niseme mapema kwamba masimulizi ya rafiki yako yana chembe za ukweli, na ndiyo maana hayafi. Ni kweli kaisari aliitisha mkutano, ni kweli aliingilia mjadala, na ni kweli waliokataa kutia sahihi waliadhibiwa. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba Nisea ndiko jambo lilikoanzia na ndiko lilikoishia. Ugomvi wenyewe ulidumu zaidi ya miaka 60, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo watawala walikuwa upande wa wapinzani wa Nisea.

Tuanze na neno lenyewe. Neno "Utatu" halimo katika Biblia. Hapo rafiki yako amesema kweli, na hakuna mwanahistoria wa Kanisa atakayembishia. Lakini halikutoka kwa Konstantino. Theofilo, askofu wa Antiokia, alilitumia kwa Kigiriki mnamo mwaka 180 alipoandika juu ya Mungu, Neno lake na Hekima yake. Mnamo mwaka 213 Tertuliano wa Karthago, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, aliandika kwa Kilatini kitabu kizima dhidi ya mtu aitwaye Praksea, na humo ndimo tunamokuta habari za Utatu, za nafsi tatu na za asili moja zikiwekwa pamoja. Wakati huo Konstantino alikuwa hajazaliwa. Hata hivyo, anayewatumia watu hawa kuthibitisha kwamba fundisho lilikuwa limekwisha kukamilika tangu zamani, naye anatia chumvi. Tertuliano aliandika kwamba Baba ndiye asili yote na Mwana ni sehemu itokayo humo, maneno ambayo yangemtia matatani mbele ya maaskofu waliokutana Konstantinopoli mwaka 381.

Kilichotangulia nadharia ni ibada. Wakristo walibatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kama ilivyoandikwa katika Mathayo 28:19, na walimwimbia Kristo. Ushahidi mmoja mzuri hautoki kwao bali kwa mpagani: Plinio Mdogo, liwali wa Kirumi wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trayano mnamo mwaka 112 kwamba Wakristo aliowahoji walikiri kuwa na desturi ya kukutana siku maalumu kabla hakujapambazuka na kumwimbia Kristo "kama kwa mungu". Nisea ni mji wa eneo hilo hilo la Bithinia. Basi miaka 200 na ushei kabla ya mkutano, watu wa pande zile walikuwa wakimwabudu Kristo huku wakishikilia kwa nguvu zote kwamba Mungu ni mmoja. Mambo hayo mawili yanakaaje pamoja? Hilo ndilo swali lililozaa ugomvi wote, na lingeibuka hata kama Konstantino asingekuwapo.

Jibu rahisi la kwanza lilikuwa kusema kwamba Baba, Mwana na Roho ni yule yule mmoja anayejidhihirisha kwa namna tatu. Mafundisho hayo yalisikika Roma mwanzoni mwa karne ya 3, na baadaye yakabandikwa jina la Sabelio. Ubaya wake, machoni pa wapinzani, ni kwamba Mwana anapomwomba Baba katika Injili anakuwa anaongea na nafsi yake mwenyewe, na anayekufa msalabani ni Baba. Tertuliano, ambaye hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, alisema Praksea amemfukuza Msaidizi, yaani Roho Mtakatifu, na kumsulubisha Baba. Jibu la upande wa pili lilikuwa kumfanya Kristo mwanadamu aliyejazwa nguvu za Mungu. Paulo wa Samosata, askofu wa Antiokia, alihukumiwa na maaskofu wenzake mwaka 268 kwa mafundisho ya namna hiyo. Hofu ya Usabelio uiweke akilini, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini maaskofu wengi wacha Mungu walilikwepa neno la Nisea, "wa asili moja na Baba", kwa miongo mingi.

Mnamo mwaka 318 mzozo ulilipuka Aleksandria, Misri. Ario, padre wa kanisa la Baukali, mtu ambaye Epifanio, askofu na mwandishi wa karne hiyo, anamweleza kuwa mrefu na mwenye maneno matamu, alipinga hadharani mafundisho ya askofu wake Aleksanda kwamba Mwana yupo milele pamoja na Baba. Hoja ya Ario haikuwa ya kijinga, na wanaomchora kama mwovu aliyetumwa kulibomoa Kanisa hawajamsoma. Alianzia kwenye umoja wa Mungu: aliye Mungu kweli hana chanzo, hagawanyiki, habadiliki. Mwana amezaliwa, aliyezaliwa ana chanzo, kwa hiyo kabla ya kuzaliwa hakuwako. Katika barua yake kwa Aleksanda alimwita Mwana "kiumbe kamili cha Mungu, lakini si kama mmojawapo wa viumbe". Hakumkana Kristo, wala hakuacha kubatiza kwa majina matatu. Alimweka juu ya malaika wote, ila upande wa huku wa mpaka unaomtenga Muumba na vilivyoumbwa. Mafundisho yake aliyatia katika mashairi, na Filostorgio, mwanahistoria aliyemwonea huruma, anasema alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri.

Tena Ario alikuwa na Maandiko mkononi. Alisoma "Baba ni mkuu kuliko mimi" katika Yohana 14:28. Alisoma katika Marko 13:32 kwamba hata Mwana haijui siku ile. Na alisoma Mithali 8:22, ambako Hekima inazungumza. Ukiifungua Biblia ya Kiswahili ya Union kwenye mstari huo utasoma kwamba Bwana "alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake", nawe utashangaa ugomvi umetoka wapi. Lakini Biblia ya Kigiriki waliyoisoma Ario na Aleksanda ilisema "Bwana aliniumba", na pande zote mbili zilikubali kwamba anayenena pale ni Kristo. Wapinzani wa Ario walijibu kwa Yohana 1:1 na 10:30, lakini nguvu yao hasa ilikuwa katika hoja ambayo Athanasio, wakati huo shemasi kijana wa Aleksanda, aliiandika baadaye kwa kirefu: ikiwa Mwana ni kiumbe, basi Wakristo wanaomwabudu wanaabudu kiumbe, na kiumbe hakiwezi kuwaunganisha viumbe wenzake na Mungu. Kwa hiyo pande zote mbili zilidai kuutetea umoja wa Mungu. Ario aliutetea kwa kumteremsha Mwana, Athanasio kwa kumwingiza Mwana ndani ya Umungu ule ule mmoja.

Konstantino aliingia katika habari hii akiwa amechelewa, na kwa kweli akiwa haielewi. Mwaka 324 alimshinda Lisinio, kaisari mwenzake wa mashariki, na kuwa mtawala pekee wa dola ya Kirumi. Alipogeuza macho mashariki akakuta maaskofu wamegawanyika. Alimtuma Hosio, askofu wa Kordoba, na barua moja kwa Aleksanda na Ario pamoja, akiwakemea wote wawili kwa kugombania jambo dogo ambalo halikufaa kuulizwa, na likiulizwa halikufaa kujibiwa. Mtu aliye mbioni kubuni fundisho haandiki barua ya namna hiyo. Alichotaka ni utulivu, na angekubali kanuni yoyote ambayo maaskofu wengi wangeitia sahihi.

Barua iliposhindwa, aliitisha mkutano Nisea, mji ambao leo unaitwa İznik nchini Uturuki, katika kiangazi cha mwaka 325. Mapokeo yanahesabu maaskofu 318, idadi ile ile ya watu wa Abrahamu katika Mwanzo 14:14, hivyo wanahistoria wengi huichukulia kama ishara na kukadiria kati ya 200 na 300. Karibu wote walitoka mashariki. Papa Silvesta wa Roma hakwenda, alituma mapadre wawili. Maaskofu walisafiri kwa gharama ya serikali na kukirimiwa na kaisari, jambo la ajabu kwa watu ambao baadhi yao walikuwa na makovu ya serikali hiyo hiyo: Theodoreto, mwanahistoria wa Kanisa, anasimulia habari za Paulo wa Neokaisaria, ambaye mikono yake miwili ilikuwa imelemazwa kwa chuma cha moto. Sidhani kwamba mtu wa aina hiyo aliweza kufundishwa dini mpya kwa wiki chache. Naamini, hata hivyo, kwamba aliweza kulemewa na heshima asiyoizoea.

Kumbukumbu rasmi za mijadala hazikusalia. Tulizo nazo ni kanuni ya imani, sheria 20, barua ya mkutano na maelezo ya watu waliokuwapo, hasa Eusebio, askofu wa Kaisaria, na Athanasio. Kwa hiyo mtu anayekusimulia neno kwa neno nani alisema nini anakupa hadithi. Kofi ambalo Askofu Nikolao anadaiwa kumzaba Ario halimo kwa shahidi yeyote wa zama hizo. Lilizuka karne nyingi baadaye. Wala hakuna ushahidi kwamba walichagua vitabu vya Biblia. Walijadili tarehe ya Pasaka, mgawanyiko wa Meletio, askofu aliyejitenga na askofu wa Aleksandria huko Misri, nidhamu ya makleri, na suala la Ario.

Taabu yao ilikuwa kwamba kila kifungu cha Maandiko kilichopendekezwa, marafiki wa Ario waliweza kukikubali kwa tafsiri yao. Athanasio, akisimulia miaka mingi baadaye, anasema walikonyezana na kunong'onezana kwamba maneno hayo yanaweza kusemwa hata juu ya wanadamu. Ndipo likaingizwa neno la Kigiriki ambalo hawangeweza kulipindisha kwa tafsiri yao: homousio, yaani wa asili moja na Baba. Wakatoliki wa Kiswahili hulisali katika Nasadiki kama "mwenye umungu mmoja na Baba". Neno hilo halikuwa la Biblia, na hilo liliwasumbua hata waliokubaliana na maana yake. Baya zaidi, ilisemekana kwamba maaskofu waliomhukumu Paulo wa Samosata mwaka 268 walilikataa neno lilo hilo.

Kuhusu kura chache, hesabu ni kinyume kabisa. Maaskofu waliokataa kutia sahihi walikuwa wawili tu, Sekundo wa Ptolemai na Theona wa Marmarika, wote wa pande za Libya. Walipelekwa uhamishoni pamoja na Ario katika nchi za Iliriko. Miezi michache baadaye Eusebio mwingine, askofu wa Nikomedia, aliyekuwa ametia sahihi kwa shingo upande, akafukuzwa pia. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Konstantino alitoa amri kwamba vitabu vya Ario vichomwe na atakayevificha auawe, na hilo si jambo la kulipaka mafuta; lakini Ario mwenyewe aliishi miaka 11 baada ya mkutano.

Lakini nisikuache ukidhani kwamba sahihi hizo zote zilikuwa za moyo mmoja. Tunayo barua ambayo Eusebio wa Kaisaria aliwaandikia waumini wake mara baada ya mkutano, na kwangu ndiyo hati inayofundisha zaidi kuliko zote za mwaka ule. Anawaeleza kwa aibu iliyofichwa vibaya kwa nini ametia sahihi neno ambalo hawakutarajia alitie: alipinga mpaka dakika ya mwisho, akauliza maana, na kaisari mwenyewe akafafanua kwamba neno hilo halisemi Mungu amegawanyika kama mwili. Kwa ufafanuzi huo akaridhika. Ukiisoma unaona kwamba watu walitia sahihi neno moja na kwenda nyumbani na maana kadhaa. Hapo mkono wa kaisari unaonekana wazi: hakuwapa fundisho, aliwapa sababu ya kutokataa.

Ndiyo maana makubaliano hayakudumu. Katika miaka michache Ario na Eusebio wa Nikomedia waliruhusiwa kurudi. Athanasio, aliyekuwa askofu wa Aleksandria mwaka 328, alikataa kumpokea Ario, naye mwaka 335 akajikuta ameshtakiwa mbele ya mkutano wa maaskofu huko Tiro, si kwa mafundisho bali kwa mabavu dhidi ya wafuasi wa Meletio. Watetezi wake huyaita mashtaka hayo uzushi mtupu; barua moja ya mafunjo ya mwaka huo, iliyopatikana Misri, inaeleza wafuasi wa Meletio wakipigwa na watu wa upande wa Athanasio, kwa hiyo mimi simsafishi kabisa. Konstantino alimpeleka uhamishoni Trier, katika Ujerumani ya leo. Ario alifariki ghafla Konstantinopoli mwaka 336, alipokuwa karibu kupokewa tena katika ushirika. Na mwaka 337, Konstantino alipokuwa kitandani akingoja kufa, alibatizwa. Aliyembatiza ni Eusebio wa Nikomedia, rafiki na mtetezi mkuu wa Ario. Rafiki yako akikuambia Konstantino ndiye baba wa Utatu, muulize kuhusu ubatizo huo.

Mwanawe Konstansio, aliyetawala mashariki na hatimaye dola yote hadi mwaka 361, alikwenda mbali zaidi. Alitaka kanuni ya imani isiyotaja "asili" kabisa, inayosema tu kwamba Mwana anafanana na Baba kama Maandiko yasemavyo. Mikutano ikafuatana, na kila mmoja ukatoa kanuni yake. Ammiano Marselino, mwanahistoria mpagani, analalamika kwamba maaskofu walikuwa wakikimbizwa huku na huko kwa farasi wa serikali kutoka mkutano hadi mkutano, mpaka huduma ya tarishi ikalemaa. Mwaka 359 Konstansio aliitisha mikutano miwili kwa mpigo: maaskofu zaidi ya 400 wa magharibi huko Rimini, Italia, na wapatao 160 wa mashariki huko Seleukia. Wale wa Rimini kwanza walisimama na Nisea. Wakazuiwa wasirudi makwao, majira yakabadilika, wakachoka, na mwishowe wakatia sahihi kanuni ya kaisari. Mtakatifu Yeronimo aliandika baadaye kwamba dunia nzima iliguna na kushangaa kujikuta imekuwa ya Ario. Ukitaka kuona mtawala akilazimisha fundisho juu ya Mungu katika karne hiyo, Rimini ni mfano ulio wazi kuliko Nisea, na kilicholazimishwa kilikuwa kinyume cha Nisea.

Mkono huo ulifika hata Afrika, nje ya mipaka ya dola. Athanasio alikuwa amemweka Frumensio kuwa askofu wa Aksum, katika Ethiopia ya leo. Mnamo mwaka 356 askari walivamia kanisa la Aleksandria usiku Athanasio akiwa ndani, akatoroka na kufichwa na watawa jangwani. Nafasi yake akapewa Georgi wa Kapadokia. Konstansio akawaandikia watawala wa Aksum, Ezana na Saizana, wamrudishe Frumensio Misri akachunguzwe imani yake na huyo Georgi. Barua hiyo ipo, Athanasio ameinakili. Inaonekana Aksum haikuitii, na Kanisa la Ethiopia mpaka leo linamheshimu Frumensio kama baba yake wa imani.

Sasa turudi kwenye ile hofu niliyokuomba uiweke akilini. Maaskofu wengi wa mashariki waliolikwepa neno homousio hawakuwa wafuasi wa Ario. Walimwogopa Sabelio, na walikuwa na sababu: Marselo wa Ankira, mtetezi mkali wa Nisea, alifundisha umoja wa Mungu kwa namna iliyoonekana kumfuta Mwana kama nafsi ya pekee. Tena laana zilizoambatishwa kwenye kanuni ya mwaka 325 zilitumia maneno mawili ya Kigiriki, usia (asili) na hipostasi (neno ambalo baadaye lilichukua maana ya nafsi), kana kwamba yana maana moja. Mtu wa mashariki aliyezoea kusema "hipostasi tatu", akikusudia kwamba Baba, Mwana na Roho si mmoja mwenye majina matatu, alionekana amelaaniwa na Nisea. Aliyesema "hipostasi moja", akikusudia Umungu mmoja, alionekana Msabelio. Kundi kubwa likashika neno la katikati, homoiusio, yaani wa asili inayofanana. Tofauti ni herufi moja, na watu wamelicheka jambo hilo kwa karne nyingi, lakini herufi hiyo ilibeba swali zima la kama Mwana ni Mungu yule yule au ni wa pili anayemfanana.

Konstansio alipofariki, mrithi wake Juliano, ambaye aliuacha Ukristo, aliwaruhusu maaskofu wote waliofukuzwa warudi. Athanasio akaitumia nafasi hiyo mwaka 362 kuitisha mkutano mdogo Aleksandria, na hapo alifanya jambo ambalo nadhani ni kubwa kuliko yote aliyoyafanya, ingawa hakuwa mtu wa suluhu. Aliwauliza wanaosema hipostasi tatu wanamaanisha nini, wakaeleza. Akawauliza wanaosema moja, wakaeleza. Ikaonekana kila upande unakataa kile kile ambacho mwingine anakataa, na wote wakapokewa. Juu ya msingi huo Basili wa Kaisaria, ndugu yake Gregori wa Nisa na rafiki yao Gregori wa Nazianzo, wote wa Kapadokia, walizoesha matumizi tunayoyajua leo: usia moja, hipostasi tatu, au kama katekisimu zetu zinavyosema, Mungu mmoja katika nafsi tatu. Kwa hiyo kanuni hiyo ya maneno, ambayo rafiki yako anaihesabu kuwa ya Nisea, haikuandikwa Nisea; kwa maneno ya Nisea yenyewe ingeonekana kosa.

Na Roho Mtakatifu je? Kanuni ya mwaka 325 inamtaja kwa maneno machache tu: "na kwa Roho Mtakatifu", kisha inakatika. Hakuna aliyekuwa amegombana juu yake. Mnamo mwaka 359 Athanasio akiwa mafichoni alipata habari za watu waliokubali Umungu wa Mwana lakini wakamwita Roho kiumbe, naye akaandika barua za kuwajibu. Huko Kapadokia Basili alilaumiwa kwa kutumia katika ibada maneno ya kumtukuza Baba "pamoja na Mwana, pamoja na Roho Mtakatifu", badala ya "kwa njia ya Mwana katika Roho Mtakatifu". Akajibu kwa kitabu kizima mwaka 375. Cha kustaajabisha ni kwamba mtu huyu aliyemtetea Roho kwa nguvu hivyo aliepuka kumwita waziwazi "Mungu", ili asiwafukuze waliokuwa wakisitasita. Rafiki yake Gregori wa Nazianzo alilitamka bila kuzungukazunguka.

Ukidhani haya yalikuwa mambo ya maaskofu peke yao, msikilize Gregori wa Nisa akiieleza Konstantinopoli, mji ambao kwa miaka 40 ulikuwa mikononi mwa wapinzani wa Nisea. Anasema ukimuuliza mtu chenji, anakuhutubia juu ya Aliyezaliwa na Asiyezaliwa. Ukiuliza bei ya mkate, unajibiwa kwamba Baba ni mkuu na Mwana yuko chini yake. Ukiuliza kama maji ya kuoga yapo tayari, unaambiwa Mwana ametoka katika kutokuwako. Anawakejeli, bila shaka, ila kejeli hiyo isingekuwa na maana kama mitaa isingekuwa hivyo.

Jambo lilikamilishwa, na hapa rafiki yako anastahili haki yake, kwa msaada mkubwa wa kaisari mwingine. Valensi, mlinzi wa mwisho wa upande wa pili katika mashariki, aliuawa vitani Adrianopoli mwaka 378. Theodosio, mtu wa magharibi aliyelelewa katika imani ya Nisea, akachukua nafasi yake. Tarehe 27 Februari 380 alitoa amri kwamba raia wote wafuate imani ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu katika Umungu mmoja, kama ilivyofundishwa na maaskofu wa Roma na Aleksandria. Akawanyang'anya wapinzani makanisa ya mji mkuu. Mwaka 381 maaskofu 150, wote wa mashariki, walikutana Konstantinopoli. Maaskofu 36 waliokataa Umungu wa Roho waliondoka. Gregori wa Nazianzo, aliyekuwa mwenyekiti kwa muda, alijiuzulu kwa kuchoshwa na fitina na kurudi kwao. Kanuni inayohusishwa na mkutano huo, iliyosomwa rasmi katika mkutano wa Kalsedoni mwaka 451, ndiyo Wakristo wengi wanayoisali leo kwa jina la Nisea. Inasema Roho ni Bwana mleta uzima, anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana. Haisemi yeye ni homousio. Tahadhari ya Basili, aliyekuwa amekwisha kufariki, ilisalia katika maneno hayo.

Umeuliza wafuasi wa Ario waliishia wapi. Ndani ya dola walififia kwa sheria za Theodosio na warithi wake, lakini nje yake walistawi kwa karne mbili. Wulfila, askofu aliyewekwa enzi za Konstansio, alikuwa amewapelekea Wagothi imani aliyoipokea, akawabunia alfabeti na kuwatafsiria Biblia kwa lugha yao. Wagothi, Wavandali na wengine walipoivamia dola ya magharibi walikuja wakiwa tayari Wakristo, ila wa upande huo. Wavandali walioteka Karthago mwaka 439, mji ule ule wa Tertuliano, waliwafukuza maaskofu wa Nisea kwa mamia. Hivyo mateso hayakuwa ya upande mmoja. Nchini Hispania Mfalme Rekaredo wa Wagothi aliingia Ukatoliki, na mkutano wa Toledo mwaka 589 ukathibitisha badiliko hilo kwa taifa lake. Ni katika Hispania hiyo, kwa kusisitiza dhidi ya mafundisho ya Ario kwamba Mwana hapungukiwi chochote na Baba, ndiko ilikoshamiri desturi ya kusema kwamba Roho hutoka kwa Baba "na Mwana". Roma iliyaingiza maneno hayo katika misa mwaka 1014, mashariki ikayakataa mpaka leo. Ndiyo maana ukiwa parokiani kwenu unasali "atokaye kwa Baba na Mwana", ilhali Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania, ambao wako chini ya Patriaki wa Aleksandria, kiti alichokalia Athanasio, husema "atokaye kwa Baba" na kuishia hapo.